Brussels, kasha tupu lina bei kuliko nishani

Basi la usiku kutoka Berlin lilitangazwa bei poa, ila poa yenyewe sikuiona, maana nimelipia tiketi, nimelipia begi, nimelipia choo cha njiani, halafu siti hailali hata kidogo na jirani yangu kakoroma mpaka asubuhi. Basi tuache.

Nilichofuata Brussels ni mtaa. Mimi ni mtoto wa Tabora, wa Gongoni kabisa, na siku moja jamaa akanirushia picha ya kibao cha mtaa kimeandikwa Rue de Tabora, chini yake Taborastraat. Nikasema hii lazima niione kwa macho. Upo kweli, nyuma ya soko la hisa la zamani, kifupi tu, umejaa baa na watalii, bia moja bei yake kwetu unakula mchana na usiku. Hakuna mwembe hata mmoja. Waliupa jina hilo kwa sababu tarehe 19 Septemba 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, Wajerumani wakiwa wameshauachia mji, na Waingereza nao walikuwa wanakuja mbio kutokea upande wa Mwanza wakakuta wenzao wameshafika. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye akapewa ubaroni kabisa, Tombeur de Tabora. Yaani kuna mzungu alitembea na jina la mji wetu kama la ukoo!

Sasa mwenyeji wangu, dada mmoja wa Bukavu anayeishi Matonge, mtaa wa Wakongo hapo Brussels, aliponiona nimenogewa na hizo habari akanipeleka Place du Jeu de Balle, soko la mitumba la kila asubuhi. Vitu vinamwagwa chini kwenye mawe, masahani, viatu, picha za harusi za watu waliokwisha kufa. Kwenye pembe moja kuna mzee kakaa na meza ya vioo, juu yake medali tupu. Ndani ya kioo niliona heli 20 ya shaba ya njano, 1916, ina herufi T ndogo, yaani zile pesa Wajerumani walizozipiga palepale Tabora wakati wa vita. Euro alizotaja sizitaji hapa, nyumbani watanicheka.

Nikashika nishani moja ya Leopold II, yule mfalme wa Wabelgiji, msalaba wa rangi ya fedha wenye taji juu, katikati simba wa dhahabu kwenye weusi, utepe wa buluu na mstari mweusi. Imelala kwenye kasha lake la ngozi ngumu nyekundu iliyoiva, ndani satini, na jina la sonara limepigwa kwa wino wa dhahabu kwenye kifuniko. Mzee akasema ni ya ofisa aliyepigana Afrika 1916. Bei? Euro 85.

Dada akauliza kama inapungua, wakabishana weee Kifaransa, mwisho akanigeukia anacheka: "Kaka, huyu muzee anasema medali peke yake ni makumi mbili na tano. Kasha njo iko na bei, sitini."

Nikabaki mdomo wazi. Sitini! Kwa kiboksi! Hela hiyo kwetu unakaribia debe la asali.

Hapo akadakia mteja mwingine, kijana mwembamba mwenye miwani ya kukuzia vitu, anaongea Kiingereza vizuri, akaomba aishike. Akaigeuza kwenye mwanga akanionyesha maandishi kwenye duara la buluu kumzunguka simba, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiflemi. Akasema zenye lugha mbili ni za miaka ya 1950 kuja huku, za 1916 zina Kifaransa peke yake. Halafu akautoa msalaba, akanishikisha kasha. Mahameli ya chini ilikuwa na shimo la mviringo, limebonyea na kung'aa pale kitu kilipokaa miaka mingi, na kitu hicho kilikuwa duara kama sarafu. Msalaba ulikuwa unacheza mle ndani, unagonga kuta.

Kumbe ndiyo biashara yenyewe. Medali zilibaki nyingi kwa sababu watu walizivaa na kuzirithisha, makasha wakayatupa, au watoto wakayachezea. Kwa hiyo kasha zima limekuwa adimu, na wajanja wananunua matupu wanayaozesha na medali yoyote inayoelekea kuingia. Mzee wala hakuona aibu, aliinua mabega tu akawasha sigara. Mimi binafsi naona ni wizi wa mchana, ila dada akasema hakuna aliyekulazimisha, na hapo pia ana point.

Yule kijana akaniuliza mbona nimekomaa na mambo haya. Nikamwambia babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, alipigana Burma Vita vya Pili, alikuwa na nyota yake, yaani medali ya vita hivyo, imekaa kwenye kopo la majani ya chai miaka yote. Macho yakamtoka. Akasema nyota za Burma Waingereza walizitoa bila jina la mtu, kwa hiyo ikitoka tu nje ya familia hakuna wa kujua ilikuwa ya nani, na kinachobaki kuonyesha ni karatasi zake na chombo ilichokaa. Kopo hilo, akasema, msilitupe kabisa.

Na wapagazi je? Upande wa Wabelgiji peke yake inatajwa laki mbili na zaidi walibeba mizigo vita ile ya kwanza, na wengi walikufa njiani. Hao wala hutawakuta kwenye meza ya yule mzee, sio kwa medali wala kwa kiboksi. Kwetu kila ukoo una babu wa namna hiyo, tunamtaja kwa jina moja tu, kwisha.

Sikununua kitu. Ilipokaribia saa nane wauzaji walianza kufungasha na visivyouzika wakaviacha palepale chini, watu wakaviokota bure, dada naye akapata sufuria.

Jioni nikampigia shangazi Tabora kuulizia kopo. Akasema lipo, anawekea vifungo. Na nyota? Ile nyota, akasema, muulize baba yako, yeye ndiye aliyeichukua siku ya arobaini. Baba naye anasema anayo shangazi. Halafu shangazi akataka kujua kama nimeshampatia lile koti la baridi aliloagiza, maana mtoto wa jirani alikwenda Ulaya juzijuzi tu na karudi na makoti mawili.