Herufi ya Mama

Leo nimepita Vernissage, soko la wazi hapa Yerevan, Armenia, karibu na Uwanja wa Jamhuri. Naangalia tu, maana mfukoni hali si nzuri 😅

Hereni za fedha meza nzima. Na makomamanga kila upande: ya udongo, ya mbao, ya kuning'iniza shingoni. Kwa Waarmenia komamanga ni ishara ya uzazi na neema.

Mzee mmoja, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akaniuliza zawadi ni ya nani.
Ya mama, nikamjibu.

Akachakura kisandukuni, akatoa kidani chenye herufi Մ, yaani M yao, iliyoundwa kwa ndege waliopindana shingo. Wanukuzi wao wa zamani walizichora hivyo kwenye vitabu vya dini. Alfabeti yenyewe mtawa wao Mesrop Mashtots aliibuni mwaka 405!

"Mama," akasema, akijigusa kifuani.
Neno lilelile. Hata wao huita mama.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kung'arisha fedha, ncha zote kumi. Nikashindwa hata kuomba apunguze bei. Mimi, mtoto wa Kariakoo!

Mama yuko Tanga, bado hajui. Msimwambie.

Nyie mngemchukulia mama nini, herufi au komamanga?