Siku ya Kufaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno lililonikaba ni "bado". Tangu Pasaka nina deni la kumwomba radhi dada mmoja niliyekuwa nikiimba naye kwaya. Nilimsema mbele ya watu kwamba fedha za sare zimepungulia mikononi mwake. Baadaye nikagundua kosa liko kwenye daftari langu mwenyewe: mchango mmoja nimeuandika mara mbili. Yeye alishaacha kuja mazoezini. Kila nikishika simu najiambia, ngoja, nitafute wakati mzuri. Leo atakuwa sokoni. Jumapili si vizuri. Mwezi ukiisha.

Jumatatu nikawa naandaa somo la 2 Timotheo 4:2, "uwe tayari, wakati ukufaao, na wakati usiokufaa". Nikataka kujua huo wakati ukufaao ni upi, labda nipate kisingizio kipya. Kwa Kiyunani ni *eukairos*. *Eu* ni vema. *Kairos* ni wakati, ila si huu wa saa ya ukutani, maana huo waliuita *chronos*. *Kairos* ni wakati wa jambo lenyewe, ule ambao ukipita umepita. Katika tenzi za kale za Homer kuna neno la ukoo huohuo, *kairios*, linalotaja mahali pa mwili ambapo mshale ukiingia mtu hainuki tena. Na Wagiriki wa leo wakisema *kairos* huenda wanazungumzia hali ya hewa. Mkulima anayeangalia mawingu ya masika hahitaji kufafanuliwa hilo.

Kilichonishtua ni watu ambao Marko amewapa neno hili *eukairos*. Sura ya 6, Herodia, mke wa mtawala Herode, alikuwa akimvizia Yohana Mbatizaji, anataka kumwua, hapati. "Hata ilipotokea siku ya kufaa", Herode akafanya karamu ya kuzaliwa kwake, na humo Yohana akauawa. Sura ya 14 ni Yuda: ameshaahidiwa fedha, anatafuta wakati wa kufaa wa kumsaliti Bwana wake. Herodia hakuchelewa. Yuda hakuchelewa. Wenye chuki na tamaa walikuwa macho, na siku yao ilipofika waliijua.

Sisi je? Hapa naomba mnivumilie, maana najikemea mwenyewe kwanza. Tuna msemo wetu mtakatifu: "Ngoja niliombee kwanza." Tunaliombea jambo ambalo Neno limekwisha kulijibu! Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo, uende. Hakusema uende ukishapata amani moyoni. Hakusema usubiri uthibitisho wa ndoto. Mimi nimefunga siku tatu kwa ajili ya simu moja ya dakika tano, na nilipomaliza kufunga sikupiga. Huko si kumngoja Mungu, mpendwa. Ni woga uliovaa kanzu ya kwaya.

Mwangalieni liwali Feliki. Paulo, aliyekuwa mfungwa wake, alipozungumza naye habari za haki, na kiasi, na hukumu itakayokuja, aliingiwa na hofu akamwambia aende zake, "nami nikipata nafasi nitakuita". Hiyo nafasi ni *kairos* ileile. Na kumbe nafasi alikuwa nayo tele: Luka anasema alimwita Paulo mara nyingi, huku akitumaini kupewa fedha. Miaka 2 ikapita hivyo, akaondoka madarakani akamwacha mtumishi wa Mungu kifungoni. Mtu anaweza kukutana na kweli kila wiki, akaisikiliza vizuri tu, na bado akawa anaingoja nafasi.

Turudi Marko 6, maana neno halijaisha pale. Mitume walizongwa na watu hata hawakupata nafasi ya kula, na kitenzi alichotumia Marko kimezaliwa na *eukairos*. Yesu akawaita faraghani wapumzike. Mathayo anatukumbusha kwamba ndipo habari za kifo cha Yohana zilikuwa zimefika. Basi kuna uchovu, kuna njaa, kuna msiba. Wanashuka chomboni, umati umeshafika kwa miguu, unasubiri. Kama kuna siku Bwana angesema "njoni kesho", ni ile. Akawahurumia, akaanza kuwafundisha.

Na Waebrania 4:16, ile neema ya kutusaidia "wakati wa mahitaji", ni neno hilohilo tena. Nimeisoma aya hiyo miaka mingi nikidhani ni ya wagonjwa na wenye madeni. Wiki hii nimeiomba kwa ajili ya kidole changu kibonyeze namba.

Jana usiku nilipiga, saa tatu kasoro. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Asubuhi nikajaribu tena, hivyo hivyo. Nimemuuliza mama mmoja wa jumuiya, akaniambia yule dada amehamia kwa mwanawe, mwendo wa basi saa nne kutoka hapa. Nauli nimeshatenga. Kesho Jumamosi natoka na basi la alfajiri, na lile daftari nimeliweka kwenye mkoba, ukurasa wenyewe nimeukunja pembeni ili nimwonyeshe. Niombeeni njiani.