Mama mwenyewe apige simu

Simu za uchungu wa kujifungua zinazoingia usiku hupigwa na wanaume, karibu zote. Anapiga mume, au shemeji, au baba mkwe aliyeamshwa kwa sababu mume yuko Kampala anatafuta riziki. Nyuma ya sauti yake unamsikia mama akiguna. Ukiuliza, "Ameanza saa ngapi?" unajibiwa, "Tangu jana jioni." Inaniuma sana kusikia hivyo, maana jana jioni nilikuwa pale steji ya boda, nimekaa juu ya pikipiki yangu ya Bajaj bila abiria, na nyumba yao naiona kutoka pale.

Naendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Steji yetu iko kwenye barabara inayoteremka kwenda Lumino na Majanji, kwa hiyo tunabeba watu wa mjini na wa vijijini, Wasamia, Wateso, Wakenya waliovuka kuja sokoni, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuelewana. Nimebeba samaki wa Majanji, magunia ya mahindi, majeneza. Na kina mama wenye uchungu, wengi. Kuhusu hao wa mwisho nina neno la kusema, na nalisema kwa wanaume wenzangu kwanza.

Mwacheni mama apige simu mwenyewe.

Nimeuliza katika nyumba nyingi kwa nini walingoja. Mama mkwe alisema uchungu bado mchanga. Mume hakuwapo kutoa ruhusa. Simu ni ya mume na ameondoka nayo. Pesa zipo lakini mwenye kujua zilipo bado hajarudi. Kuna nyumba ambako kwanza walitafuta dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, na wakunga wametuonya mara nyingi kwamba baadhi ya dawa hizo hubana mfuko wa uzazi kwa nguvu kupita kiasi, hata ukapasuka. Yule anayesikia maumivu ndiye mtu pekee ambaye hakuulizwa kama muda umefika. Tayari ana watoto watatu, mwili wake anaujua, na bado anasubiri mtu wa kumruhusu apande pikipiki.

Mkunga mmoja wa kituo cha afya alikuja kutufundisha pale steji, chini ya mwembe, kama vile walimu hufundisha darasani. Alitueleza kwamba mama hucheleweshwa mara tatu: nyumbani wakiamua, njiani akisafirishwa, na kituoni akingoja huduma. Madereva wengi walidhani kosa letu liko kwenye ile ya pili tu, na kweli tunalo, nitalifikia. Lakini ninavyoona mimi, ile ya kwanza ndiyo hula saa nyingi zaidi, na haina gharama yoyote kuiondoa. Haihitaji lami wala ambulensi. Inahitaji mume aseme mbele ya mama yake mzazi, mapema, mimba ikiwa na miezi saba: "Siku akisema twende, mpeleke. Msiningoje mimi."

Watu huniambia siku hizi mambo yamebadilika, wanawake wanazalia hospitalini. Ni kweli. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 91 ya uzazi hufanyika kwenye vituo vya afya, kutoka asilimia 73 mwaka 2016. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 336 hadi 189 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hiyo ni kazi kubwa, na wakunga wa nchi hii wanastahili heshima kwa ajili yake. Lakini mama aliyefika kituoni akiwa amebakiza nusu saa, na aliyefika mapema akapimwa, akapumzika, akatembea-tembea uani, wote wawili wanahesabiwa kwenye hiyo 91. Sisi tunaowashusha mlangoni tunajua tofauti yao.

Sasa kuhusu sisi. Mchana safari kama hiyo ni elfu tano. Usiku kuna madereva wanaotaja elfu ishirini, wengine elfu thelathini, na mama amesimama mbele yao ameshika mlango. Nimebishana na wenzangu juu ya hili mpaka tukakosana. Hoja yao naifahamu: usiku kuna wezi, pikipiki nyingi ni za mkopo na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila siku. Nami pia nina mkopo. Lakini mama mwenye uchungu si abiria wa kupatana naye bei. Tulikubaliana hatimaye, baada ya vikao virefu, kwamba bei ya mama mjamzito ni ya mchana saa zote, na asiye na pesa abebwe kwanza, dereva alipwe mafuta kutoka kwenye sanduku letu la akiba la kila wiki. Familia hurudisha baadaye. Wengi wamerudisha. Mzee mmoja alituletea jogoo, na mwenyekiti akamrudishia kwa heshima.

Wala hatukubuni jambo jipya. Huku huku mashariki, wilaya za Kamuli na Pallisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwahi kuwapa wajawazito vocha za usafiri na za huduma, na dereva wa boda akimfikisha mama kituoni analipwa kwa vocha hiyo. Wanawake waliojifungulia vituoni waliongezeka sana, kutoka chini ya 200 kwa mwezi hadi zaidi ya 500. Tangu mwaka 2001 huduma kwenye vituo vya serikali hazitozwi ada, lakini kama huna nauli, ile huduma ya bure iko mbali nawe kama vile inauzwa.

Na mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima iliona barabara ikifungwa inakuwaje. Mwezi wa tatu tulikatazwa kubeba abiria, tukaambiwa mizigo tu. Magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na mwenye mgonjwa akatakiwa kuomba kibali kwa mkuu wa wilaya. Uchungu hauombi kibali. Kuna wanawake walitembea kwa miguu gizani, wengine wakajifungua njiani, wengine hawakufika. Baadaye Rais alitangaza kwamba wajawazito wasihitaji kibali, lakini sisi hatukuruhusiwa kubeba abiria tena hadi Julai 27. Miezi ile tulibeba mama huku tukiwa na gunia la mkaa mbele, ili afande akituuliza tuseme ni mzigo. Sitaki kuona tena amri ya namna hiyo inaandikwa bila mkunga kuwamo chumbani.

Kubeba mama kuna utaratibu wake, na wengi hawafundishwi. Akae vile mwili wake unavyomruhusu, mwanamke mwingine akae nyuma yake amshike kifuani kwa mikono miwili, leso ifungwe isije ikanaswa na gurudumu. Uchungu ukimshika, unasimama. Usimwambie avumilie mpaka kilimani, simama hapo hapo, zima mashine, ngoja upite. Lami ya kwenda Lumino imetusaidia mno, ila mama haishi kwenye lami, anaishi ndani, kwenye vijia vya mihogo, na mvua ikinyesha udongo ule unateleza kama sabuni. Kwa hiyo tunakwenda pole pole, na kwa sababu tunakwenda pole pole tunahitaji kuitwa mapema.

Wapo ambao boda haipaswi kuwabeba kabisa. Mkunga wetu alisisitiza hili kuliko jambo lolote. Mama aliyeshikwa na degedege, kifafa cha mimba, hawezi kukaa juu ya pikipiki, ataanguka. Huyo ni presha iliyopanda, na kabla ya degedege huwa analalamika kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, na nyumbani wanamwambia ni uchovu. Dawa ya sindano inayozuia degedege hiyo ipo, magnesium, na presha hupimwa kila akienda kliniki, lakini lazima aende. Na mama anayevuja damu baada ya kujifungua: mfuko wa uzazi ukishindwa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, damu hutiririka, na saa mbili zinatosha kumuua mtu aliyekuwa mzima. Nusu lita ya damu tayari ni hatari. Ni chupa moja ya soda, ile ya plastiki. Ukiona leso ya pili imelowa, usipige simu kwangu, piga kituoni waite gari.

Hapo kwenye gari ndipo nachoka. Nimewahi kusimama nje ya kituo kimoja, sitakitaja, mama yuko ndani anavuja damu, ambulensi ipo imeegeshwa na dereva yupo, na familia inaambiwa ilete pesa ya mafuta. Tulichanga sisi madereva. Alifika hospitali, akaongezewa damu, yuko hai na mtoto anatembea. Lakini je, tungekuwa hatuna kitu mfukoni siku ile? Mwaka 2020, Agosti 19, Mahakama ya Katiba ya nchi hii ilitoa hukumu katika kesi ya akina mama wawili, Sylvia Nalubowa wa Mityana aliyefariki mwaka 2009 na Jennifer Anguko wa Arua aliyefariki mwaka 2010. Anguko alikuwa diwani, mtu anayejulikana, na bado hakuokolewa. Kesi ilifunguliwa mwaka 2011, ikazungushwa miaka tisa. Majaji walisema kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Kwa hiyo mtu akikuambia ambulensi bila mafuta ni bahati mbaya, mwambie mahakama imeshasema. Mpelekee diwani wako hukumu hiyo.

Na damu yenyewe inatoka kwetu. Sehemu kubwa ya damu inayotolewa Uganda hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa akiba inapungua. Mama hachagui kujifungua wakati wa muhula. Wanaume wa steji tuko wengi, tuna nguvu na tuna damu, na gari la kuchukua damu likija mjini tunakwenda pamoja tukiwa na reflekta zetu.

Kuna mama mwingine ambaye simsahau. Alisimama steji na kila dereva alipomkaribia alirudi nyuma, kwa sababu ya harufu ya mkojo. Alikuwa na fistula. Uchungu wa siku mbili nyumbani, kichwa cha mtoto kikabana kibofu mpaka nyama ikafa na tundu likabaki, mtoto naye akafa. Mume alimrudisha kwao. Yeye alitaka tu kufika kwenye teksi za Mbale ili aunganishe kwenda Soroti, kwa sababu alisikia redioni kwamba kuna hospitali ya TERREWODE, iliyofunguliwa mwaka 2019, inayowatibu wanawake wenye tatizo hilo. Nilimtandikia kaveera, mfuko wa plastiki, na leso juu ya kiti, akapanda akilia. Ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji. Ungezuilika kabisa kama mtu angetoka naye nyumbani siku ile ya kwanza. Madereva wenzangu, mkimwona mama kama huyo, mbebeni. Kiti kinaoshwa.

La mwisho ni zito, na wengine watanichukia. Wasichana. Ule utafiti wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 24 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, tuliwaona watoto tuliokuwa tukiwapeleka shuleni wakipita na matumbo. Na sote tunajua nani walihusika, maana wengine walikuwa wa steji zetu. Lifti ya bure ya asubuhi, chipsi, simu ya elfu hamsini. Msichana wa miaka 15 nyonga zake bado hazijakomaa. Ndiye nitakayeitwa kumbeba saa nane usiku, ndiye anayekwama, ndiye anayepata fistula na kifafa cha mimba. Kulala na aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kuwalipa wazazi ng'ombe hakulifuti. Nina binti wa sekondari. Anapanda boda kila siku.

Jumapili hii tuna kikao. Ajenda ni mbili. Ya kwanza ni faini kwa dereva anayemtoza mama bei ya usiku, mimi nimependekeza elfu hamsini na kusimamishwa wiki moja. Ya pili ni kwamba anayempa mimba mtoto wa shule afukuzwe steji na jina lipelekwe polisi na sisi wenyewe, kabla wazazi hawajaitwa kupatanishwa. Ya kwanza nadhani itapita. Ya pili, mwenyekiti ameniomba niiondoe, nami nimemwambia itasomwa kama ilivyoandikwa.

Na wewe mama unayesoma hapa, kitabu chako cha kliniki kina nafasi kwenye jalada la nyuma. Andika hapo namba ya dereva unayemwamini, na ya wa pili kama wa kwanza hapatikani. Weka nauli mahali unapopajua wewe.