Asilimia 10 ya mvua? Nilivyopima maji yanayozama chini ya mashamba

"Chukua mvua ya mwaka, asilimia 10 yake ndiyo inayozama." Watu wanne wamenipa ushauri huu, na hakuna aliyewahi kushusha tepu kisimani.

Nikajifanya mjanja, nikaanza na kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi. Hesabu yake tamu: mvua hushuka na chumvi kidogo, mimea hunywa maji na kuiacha chumvi, hivyo kloridi ikizidi kisimani, ujue maji machache ndiyo yaliyofika chini. Mvua milimita 800, kloridi yake miligramu 1 kwa lita, kisimani 64. Jibu: milimita 12 na nusu! Nikachora ramani ya rangi kutangaza kwamba bonde linakauka. Mkulima mmoja akaitazama, akanyanyua mfuko mtupu wa mbolea: "Na hii chumvi tunayomwaga kila msimu, umeitoa?" Mbolea ile ilikuwa potashi, yaani kloridi ya potasiamu, karibu nusu ya uzito wake ni kloridi. Nilikuwa nimepima mbolea. Ramani sasa nafunikia meza.

Visima vya juu porini, kusikolimwa, vilikuwa na miligramu 10: yaani milimita 80.

Kwa mashamba yenyewe nikahamia kwenye kina cha maji. Usipime mchana pampu zikivuma, utapima pampu. Nilichagua kisima kisichovutwa, mbali na vinavyovutwa, nikawa nafika alfajiri. Kifaa changu ni tepu ya chuma, nati nzito na chaki ya bluu. Unapaka chaki mita ya mwisho, unashusha mpaka alama ya mita 9 iguse mdomo wa kisima, unavuta. Chaki iliyolowa imeiva rangi kama wino. Imelowa sentimita 37? Maji yako mita 8.63. Vifaa vya bei mbaya vilivyokufa betri nimeviona vingi. Chaki haijawahi kunizimikia.

Msimu wa mvua maji yalipanda sentimita 90. Udongo wetu wa kichanga-tifutifu niliukadiria kutoa maji asilimia 10 ya ujazo wake, basi milimita 90. Ungekuwa mfinyanzi mtupu ningepata robo ya hapo, kwa hiyo msinikabe koo kwa hiyo 90. Kiangazi sikuhesabu, maana maji ya umwagiliaji hurudi chini yakajifanya mvua.

Wale wanne walicheka sana: si ndiyo asilimia 10 yetu hiyo? Mwaka uliofuata mvua ikawa 600, kisima kikapanda sentimita 30 tu: milimita 30, yaani asilimia 5. Nimewatumia picha ya tepu, hakuna aliyejibu.