Mungu hakuja na meli

Jana kwenye jumuiya hapa Moshi kijana mmoja aliuliza: kwani kabla mmisionari Mjerumani Rebmann hajauona Kilimanjaro mwaka 1848, Mungu alikuwa hatujui? Wazee wakaguna. Mimi nilifurahi.

Tukafungua Mwanzo 12. Anaitwa mtu mmoja, Abrahamu, lakini ahadi inataja jamaa zote za dunia. Zote! Wachaga na Wameru wamo. Halafu Matendo 8: towashi Mkushi anabatizwa kwenye njia ya Gaza, wakati Kornelio Mrumi tunamkuta sura ya 10. Yaani Mwafrika katangulia. Bibi mmoja akapiga kigelegele, mwinjilisti akabaki anacheka.

Binafsi nimechoka kusikia kwamba hii ni dini ya wazungu. Wamisionari walileta Injili, nawashukuru, ila Mungu hawakumleta wao. Na kwenye Ufunuo 7:9 watu wa kila kabila na lugha wamesimama mbele ya kiti cha enzi, kila mmoja na kabila lake.

Kijana hakuridhika. Anataka kujua habari za mababu waliokufa bila kusikia. Wiki ijayo tunasoma Warumi 2, karibuni, chai ya tangawizi ipo.