Wakamsindikiza Hata Merikebuni

Masomo: Matendo 19:1–20, Matendo 20:17–38

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sijatoka katika sura mbili za Matendo ya Mitume, ya 19 na ya 20. Sababu yake ni swali nililoulizwa na mchungaji mmoja siku ya kufunga semina. Timu ilikuwa imetoka ng'ambo kwa siku kumi, kuwafundisha viongozi wa makanisa huduma inayoongozwa na Roho Mtakatifu, nami nilikuwa mkalimani wao. Vyeti vilishatolewa, picha ya pamoja ilishapigwa, mizigo ilishapakiwa. Mchungaji yule akanishika mkono, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mtumishi, hawa wakishaondoka, nani atatuombea?"

Sikuwa na la kumjibu. Siku kumi nzima kinywa changu kilikuwa kimetamka kwamba Roho amemwagwa juu ya wote wenye mwili, wana kwa binti, watumwa kwa wajakazi. Naye alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari, nilimwona. Lakini moyoni mwake nguvu ile ilikuja na wageni, na ilikuwa inapanda gari pamoja nao.

Mnielewe, siwapingi watu hawa wanaoacha kazi na familia zao kuja kututumikia. Nimemwona Mungu akitenda, tena kwa karibu, maana mkalimani husimama pale pale machozi yanapodondokea. Siku ya pili mwalimu alisema anasikia moyoni kwamba Bwana anataka kumgusa mtu mwenye maumivu ya bega la kushoto. Mama mmoja akainuka kutoka viti vya nyuma kabisa, akaombewa, akaunyanyua juu mkono ambao alituambia ulikuwa hauinuki. Nililiamini jambo lile siku ile na ninaliamini leo. Kinachonikosesha usingizi ni siku ya tatu. Foleni ya wanaotaka kuombewa ilijipanga mbele ya wageni peke yao, na wachungaji wenyewe, wenye kundi, wakabaki vitini wakitazama. Hakuna aliyewaambia wakae. Walikaa tu.

Sasa twende Efeso. Paulo alipofika aliwakuta wanafunzi wapata kumi na wawili, na kabla ya kuwafundisha lolote aliwauliza: "Je! Mlipokea Roho Mtakatifu mlipoamini?" Wakamjibu bila kuona haya kwamba hata kusikia habari zake hawakusikia. Napenda alivyoanza kwa swali. Hakudhani kwamba anawajua. Wakabatizwa, akaweka mikono juu yao, Roho Mtakatifu akaja, wakanena kwa lugha na kutabiri. Luka, mwandishi wa Matendo, anayamaliza hayo yote katika mistari saba.

Semina nyingi huishia kwenye mstari huo wa saba. Paulo hakuishia hapo. Alikaa miezi mitatu akinena katika sinagogi, na palipokuwa pagumu akawatenga wanafunzi, akahojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa muda wa miaka miwili. Baadaye atawakumbusha wazee wa kanisa hilo kwamba miaka mitatu, usiku na mchana, hakuacha kumwonya kila mtu kwa machozi. Kuwekewa mikono kulikuwa jambo la saa moja. Malezi yalimla miaka mitatu.

Najua mtu ataniambia kwamba timu ya siku kumi haina miaka mitatu. Ni kweli, na wala sidhani kwamba ufupi wa ziara ndio kosa. Thesalonike, Luka anataja sabato tatu tu za Paulo kuhojiana nao katika sinagogi, na mwisho ndugu wakampeleka usiku aondoke kwa sababu ya ghasia. Ni kanisa changa, linateswa, na mwalimu wake amefukuzwa. Hao ndio anaowaandikia: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Angeweza kuwaambia wasubiri arudi ndipo unabii upimwe. Hakusema hivyo. Alilikabidhi jaribio lenyewe mikononi mwa watu aliowaacha juzi, kwa sababu aliamini kwamba Roho aliye ndani yake yumo na ndani yao, mzima, hakupunguzwa kwa kuwa wao ni wachanga.

Hapo ndipo ninapoipima semina. Je, siku ya tatu wachungaji wanaomba na wageni wanatazama? Wakikosea, wanakosolewa kwa upole wangali wote pamoja? Wameonyeshwa jinsi ya kumwambia mgonjwa ambaye hakupona kwamba Mungu hajamwacha? Hili la mwisho nimelitafsiri mara chache mno, na ndilo wachungaji hukutana nalo Jumatatu.

Efeso kuna pia habari ya wana saba wa Skewa. Walimsikia Paulo akilitumia jina la Yesu, wakaona linafaa, wakaliazima kutoa pepo: "Nawaapisha kwa Yesu, yule anayehubiriwa na Paulo." Pepo mchafu akawajibu, "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?" Siwafananishi wachungaji wetu na watu wale. Hawa wameokoka, wengine wamemtumikia Bwana kabla sijazaliwa. Lakini hatari ya kuazima ipo. Nimewahi kumsikia kiongozi, wiki chache baada ya semina, akiomba kwa mapozi ya yule mgeni, na kwa neno moja la kigeni ambalo mgeni alilipenda. Nililitambua mara moja, maana nilikuwa nimelitafsiri mara mia. Nilijisikia vibaya, nikajiuliza kama nilimpa sauti tu, sikumpa Neno.

Na hilo neno "kuongozwa na Roho" lenyewe lina mtego. Ni rahisi kulitafsiri, ila kila sikio hulipokea kivyake. Mmoja huelewa kwamba hatahitaji tena kuandaa mahubiri. Mwingine huelewa kupaza sauti. Ukisoma Matendo 16 utaona kwamba kwa Paulo na wenzake kuongozwa kulikuwa ni pamoja na kuzuiwa. Roho Mtakatifu aliwakataza kulihubiri neno katika Asia, jimbo la Kirumi la siku zile. Wakajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa. Wakajikuta Troa, kando ya bahari, pasipo maelezo. Na Efeso tunayoizungumzia iko katika Asia hiyo hiyo waliyokatazwa! Mlango uliofungwa ulikuja kufunguliwa kwa wakati wake, ukakaa wazi miaka mitatu. Natamani timu zitufundishe kumsikia Roho anaposema "bado", na natamani ratiba zao zenyewe, zilizopangwa kwa nusu saa nusu saa, ziache nafasi ya kuzuiwa.

Kuna jambo moja nitalisema kwa uzito. Ndugu mgeni, usimtabirie mtu ndoa, wala fedha, wala kuhama kanisa, kisha ukaondoka. Paulo aliagiza manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Wa kupambanua ni wale watakaokuwapo mwezi ujao. Kama huwezi kukaa uulizwe, mweleze mchungaji wa mahali pale neno hilo, akubebee mbele za Bwana, au ulinyamazie.

Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyetumika kaskazini mwa China, aliligusa jambo hili mwaka 1912. Alionyesha kwamba kabla ya mwaka 47 hapakuwa na makanisa katika majimbo ya Galatia, Makedonia, Akaya na Asia, na kufikia mwaka 57 Paulo aliweza kusema kazi yake upande huo imekwisha. Akawauliza wamisionari wa zama zake kwa nini wao hukaa muda mrefu na bado hawawaachii wenyeji kanisa. Aliona kwamba tatizo lilikuwa imani: walimwamini Roho ndani yao wenyewe, hawakumwamini ndani ya waongofu wao. Huyu mzee alimalizia maisha yake Kenya. Uzeeni akajifunza Kiswahili, akakaa chini na tenzi zetu za kale akizifasiri kwa lugha yake, hadi alipofariki Nairobi mwaka 1947. Mtu aliyekuwa ametumwa kufundisha alikubali kuwa mwanafunzi wa lugha ya wengine akiwa na mvi.

Sisi tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri, ila Warumi sura ya kwanza inaipanua. Paulo anasema anatamani kuwaona apate kuwapa karama ya rohoni, na papo hapo anaongeza: "yaani, tufarijiane mimi na ninyi, kila mtu kwa imani ya mwenzake, yenu na yangu." Mtume anakwenda kutoa, na anatarajia kupokea. Niliwahi kuliona hili katika semina nyingine. Kiongozi wa timu alisimama asubuhi, akakiri kwamba amekauka, halali, ana mzigo wa mtoto wake aliyeiacha imani. Akapiga magoti. Kwanza kimya. Kisha shemasi mmoja mwanamke akatoka, akamwekea mikono, akaomba kwa lugha ambayo mgeni haielewi, na mimi nikaambiwa nisitafsiri. Wachungaji wakamfuata, mmoja mmoja. Baada ya asubuhi ile hapakuwa na foleni ya upande mmoja tena.

Mileto, Paulo aliwaita wazee wa Efeso. Walisafiri kilomita zipatazo 50 kuja kuagana naye. Aliwaambia kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyewaweka kuwa waangalizi. Aliwaambia pia, bila kuwaficha, kwamba baada ya kuondoka kwake mbwa-mwitu wakali wataingia. Alilijua hilo, na bado aliondoka: "Basi, sasa nawaweka katika mikono ya Mungu, na kwa neno la neema yake." Wakalia sana, wakamwangukia shingoni, wakambusu, wakamsindikiza hata merikebuni. Luka anamfuata Paulo baharini. Mimi juma hili nimebaki na wale wazee pale ufuoni, wakigeuka kurudi Efeso, ambako kundi linawangoja.

Juzi nilimpigia simu yule mchungaji, nikamsomea Matendo 20, mstari wa 28: "Jitunzeni nafsi zenu, na lile kundi lote nalo, ambalo Roho Mtakatifu amewaweka ninyi kuwa waangalizi ndani yake." Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba Jumatano alikwenda na wazee wawili kwa mgonjwa mmoja, wakampaka mafuta, wakaomba.

"Hajainuka bado," akasema. "Ijumaa tunarudi."