Maneno matatu yaliyonifanya niandike upya miongozo ya mradi wetu

"Tumia algorithimu ileile." Ndivyo faili letu la CONTRIBUTING, lenye maelekezo kwa wachangiaji, lilivyosema kuhusu hatua za kukokotoa, na mimi niliyeliandika niliamini liko wazi kabisa. Miaka miwili nimewajibu watu kuhusu maneno hayo matatu.

Mradi wetu ni wa programu huria. Tunalinganisha kasi ya lugha za kompyuta kwa kazi moja: kutafuta namba tasa zote zilizo chini ya 1,000,000 kwa chekecho la Eratosthenes, yaani kufuta vigawe vya kila namba tasa hadi zibaki tasa tupu. Jibu ni 78,498, kwa hiyo aliyekosea hesabu anajulikana papo hapo. Shida ni kujua nani amepita njia moja na wenzake. Huyu alitumia biti moja kwa kila namba, yule baiti nzima, yaani biti nane. Mwingine aliziruka namba shufwa tangu mwanzo, mwingine akaigawa kazi kwa nyuzi nane, yaani sehemu nane zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. Kila mmoja alisema amefuata kanuni, na nikiisoma tena naona kweli ameifuata.

Kilichonikalisha chini ni mchango mmoja wa lugha ya C, uliokuja na muda unaokaribia sifuri. Mchangiaji hakudanganya. Aliendesha chekecho bila kulitumia jibu lake popote; kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikaona kazi ile haina faida kwa yeyote, ikaifuta yote. Tulikuwa tunapima hewa. Nilimjibu kwa mkato, "haikidhi vigezo," naye akanyamaza. Iliniuma baadaye, maana kigezo hicho hakikuwa kimeandikwa popote. Kilikuwa kichwani mwangu tu.

Nikarudi kwenye michango yote tuliyowahi kuikataa. Niliisoma mmoja mmoja, nikaandika daftarini sababu ya kuukataa kwa maneno ninayoweza kumwambia mtu ana kwa ana. Sababu iliyojirudia ikawa kanuni. Yale maneno matatu yakazaa kanuni tano: kwa mfano, ukubwa wa chekecho ujulikane programu inapoendeshwa, si inapokompailiwa, na idadi ya namba tasa ichapishwe mwishoni. Chini ya kila kanuni niliweka sababu yake, kipande cha msimbo unaokubalika na kingine kisichokubalika. Wanaotumia nyuzi nyingi hatukuwafukuza, tuliwapa jedwali lao.

Sehemu ya upimaji nayo ilisema "pima kwenye kompyuta tulivu". Sasa inasema: chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri, funga kivinjari, endesha mara 11, tuletee namba zote 11, siyo ile nzuri peke yake. Tunazipanga na kuchukua inayoangukia katikati, ili mzunguko mmoja uliokwama usiharibu matokeo.

Halafu nikamwomba kijana mmoja kazini, ambaye hajawahi kuchangia mradi wowote, afuate miongozo mwanzo hadi mwisho. Nikakaa nyuma yake, nimeahidi kutofungua mdomo. Hatua ya pili tu akasimama.

"Dada, hii amri naiandikia kwenye folda gani?"

Nilijua jibu, lakini halikuwamo kwenye faili. Nikaliandika palepale. Mpaka anamaliza nilikuwa nimeongeza mistari tisa, na hakuna hata mmoja ambao ningeufikiria nikiwa peke yangu. Nawasihi wanaosimamia miradi wafanye jambo hili. Ni saa moja tu, na kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Mwisho nilimtafuta yule wa C. Nilimwomba radhi kwa lile jibu langu la mkato, nikamweleza kompaila yake ilifanya nini, nikamwekea na kiungo cha kanuni mpya. Siku ya pili mchango wake ukarudi ukiwa na mstari mmoja wa ziada, ule unaochapisha 78498.